Kibeti Aliyegeuza Chupa

Tatizo la Gordy Thorsgaard ni kwamba ana moyo mzuri, na mtu mwenye moyo mzuri hafai kukabidhiwa majoka.

Gordy ndiye mwenye meza. Kila Jumapili tukishatoka kanisani na kula, tunashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yake hapa Vesterby, Wisconsin, tunaizunguka meza iliyokuwa ya tenisi ya mezani kabla watoto hawajaukata wavu wake, naye anatuambia pangoni kuna nini. Sisi tunamwambia tunafanya nini humo. Dadu ndizo zinazoamua nani kapata, nani kala hasara. Ni mchezo wa maneno tu, na karatasi, na penseli. Lakini anayesema ni mchezo tu hajamwona mwanamume mwenye wajukuu akinuna wiki nzima kwa sababu ya kofia ya chuma ambayo haipo.

Sasa, joka akifa lazima aache mali. Hiyo ni sheria ya mchezo huu popote unapochezwa. Wenye meza wengine wanakupa visarafu vitatu na upanga wenye kutu, wanakuambia shukuru. Gordy hawezi. Anatutazama, anaona tumechoka, nje theluji imefika madirishani, anaongeza. Pete ya moto. Buti za kuruka. Na kasha jingine nyuma ya kasha. Miaka nenda miaka rudi, akatujaza mali mpaka nchi yake yote ikaharibika.

Kwenye mji wa Drumholt, tulikoanzia hatuna hata kandambili, yai moja lilifika sarafu mbili za dhahabu. Mhunzi aliacha kufua chuma, akajenga ghorofa. Majambazi wa porini wakituona wanajipanga mstari kuomba kazi. Mimi mchawi wangu, Eldwick, alikuwa na pete za uchawi kila kidole, zilizobaki akazivaa miguuni, akawa anatembea kama mtu aliyekanyaga misumari.

Jumapili ya kabla ya hii ninayoisimulia, Gordy alituletea jitu la barafu. Alikuwa amelitengeneza msimu mzima wa kuwinda paa, alipokuwa amejikunyata juu ya mti na bunduki yake, hapigi kitu. Alikuwa bado anatuelezea jinsi ndevu zake zilivyoganda tulipolimaliza. Halikupata hata nafasi ya kutaja jina lake. Gordy alikunja karatasi zake, akapanda juu kuosha vyombo, na tulisikia kabisa kwamba anaosha vyombo visafi.

Kwa hiyo Jumapili hii alitungoja na sura ya hakimu. Alitukaribisha soseji zilizochemshwa kwa bia na bakuli la jibini mbichi, ile ambayo ikiwa ya leo inalia ukiitafuna, akatuacha tushibe kwanza. Halafu akasema ametunga sheria mpya.

"Kuanzia leo," akasema, "dawa zinachacha."

Akafafanua. Dawa yoyote ya uchawi iliyokaa kwenye chupa zaidi ya mwaka imeharibika. Ukiinywa, ni sumu.

Tulimgeukia Duane Pribyl sote kwa pamoja, kama watu wanaotazama gari likiteleza kwenye barafu.

Duane anafanya kazi kwenye kiwanda cha jibini, kule chini kwenye stoo ya baridi ambamo mabonge ya jibini ngumu ya chedari yanakaa miaka yakiiva. Ni mtu wa maneno mengi na majigambo, na ni mtu asiyetumia kitu. Mashati aliyopewa Krismasi bado yako kwenye karatasi zake. Soseji nzuri anaziweka kwenye friza zimngoje mgeni wa maana, zinamngoja mpaka zinageuka mbao. Na mhusika wake mezani, Skorvald, kibeti wa milimani mwenye shoka na ndevu za kufagia, alikuwa na kreti zima la dawa za uponyaji, na hakuwahi kunywa hata tone. Skorvald alipigana akiwa amevunjika mguu. Alipigana akiwa kipofu. Ukimwambia Duane, bwana, dawa si unazo, anakujibu jibu lile lile: "Nikiinywa leo, na kesho tukikutana na kibaya zaidi?"

Nisimcheke sana. Ugonjwa huo wachezaji wote tunao. Wengi wetu tumemaliza safari za miaka tukiwa tumekalia mali ya kutuokoa, tukafa nayo mfukoni. Ila Duane alikuwa askofu wa ugonjwa wenyewe.

Kreti lake lilibebwa na nyumbu aitwaye Benki. Na kulikuwa na ibada. Kila tukipiga kambi, Gordy anatuuliza mmoja mmoja tunafanya nini. Mimi nalala. Marlys, mwenye saluni ya hapa mtaani, anayemchezesha Sista Ottilie, mtawa mwenye nyundo ya chuma, anasali. Duane anasema, "Nageuza chupa zangu." Na Gordy, bila kuinua kichwa, "Sawa, umegeuza." Miaka yote. Tuliichukulia kama amina.

Chupa moja tu haikukaa kwenye kreti. Ilikuwa ndogo, imezibwa kwa nta nyekundu, na Skorvald aliivaa shingoni. Hiyo alipewa na binti wa Duane, Britta. Britta alianza kuketi nasi ana miaka tisa, miguu haigusi sakafu, akichezesha mwizi mdogo aitwaye Pipka. Siku moja Pipka aliingia sokoni Drumholt na sarafu zake mwenyewe, akatoka na chupa ile, akamwambia Skorvald, "Kunywa ukibanwa, Baba." Siku hiyo hiyo Britta alichukua penseli nyekundu akachora ndevu kwenye karatasi ya mhusika wa baba yake. Karatasi hiyo mpaka leo Duane hajaibadilisha. Imebandikwa gundi mbele na nyuma mpaka imekuwa ngumu kama kigae.

Britta sasa ni mtu mzima, yuko mji wa Duluth, kando ya ziwa kubwa, anachomelea vyuma vya meli. Hajakaa mezani tangu aondoke. Baba yake humpigia sikukuu, wanaambiana hali ya hewa ya huku na hali ya hewa ya kule, wanakata.

Basi Duane alipoisikia sheria ya kuchacha alisema maneno ambayo sitayaandika, maana Marlys anasoma. Gordy hakutetereka. Alisema nchi imejaa mali iliyolala, na mali iliyolala inavunda. Duane akamwambia atavunda yeye. Tukaanza kucheza na hewa ikiwa nzito.

Safari hii Gordy alikuwa amejiandaa kweli. Tulishuka kwenye shimo la chumvi, na huko chini alikuwepo mnyoo. Mkubwa kama lori la maziwa, akasema. Gordy anaendesha lori la maziwa, kwa hiyo kila zimwi lake linapimwa kwa hilo. Mnyoo huyu alitema nyuzi. Uzi wa kwanza ulininasa mimi kifundo cha mguu, Eldwick akaning'inia kichwa chini, pete za vidole vya miguu zikawa zinawaka bure kuelekea darini. Sista Ottilie alikimbia kunisaidia, mnyoo akammeza kichwa mpaka mabegani. Na sheria ya meza yetu iko wazi: mdomo wa mhusika wako ukizibwa, na wako unazibwa. Marlys akabaki anatutumbulia macho na kutikisa mikono.

Nyumbu Benki, mwenye akili kuliko sisi, alikwisha geuka akarudi alikotoka. Na kreti lote mgongoni.

Skorvald alibaki peke yake, akapigana vizuri, mnyoo akamchoma mwiba wa sumu, akaanguka. Akaanguka chini yangu, pale pale ninapoweza kumfikia kwa mkono mmoja.

Hapa nieleze mtu anavyokufa kwetu. Ukianguka, kila zamu unarusha dadu la pande ishirini. Likileta chini ya kumi, umesogea kaburini. Mara tatu, basi, umekwisha. Likileta ishirini yenyewe, unaamka. Na ukifa, karatasi yako inaingia kwenye jiko la kuni lile pale pembeni, na Jumapili ijayo unaanza upya na rungu na suruali. Gordy ni mpole kwa kila kitu isipokuwa hilo. Karatasi yangu mwenyewe imeshaungua mara kadhaa. Ya Duane haijawahi.

Duane akarusha, akapata nne. Akarusha tena, akapata saba. Akaliweka dadu chini taratibu, akaifunika karatasi yake kwa kiganja, mahali penye ndevu nyekundu.

Nikasema Eldwick ananyoosha mkono, anaishika chupa ya shingoni.

"Imechacha hiyo," Gordy akasema haraka. "Ni ya zamani kuliko zote. Utamwua."

Ndipo Duane akainuka kitini. Mtu yule ana sauti ya kuita ng'ombe, lakini safari hii aliishusha.

"Gordy. Kwenye hilo lori lako, maziwa yakikaa wiki yanakuwaje?"

Gordy akasema yanaharibika.

"Na mimi kule chini, jibini ikikaa miaka kumi inakuwaje?"

Hakuna mtu wa wilaya yetu asiyejua jibu, hata mtoto mchanga. Chedari ya miaka kumi unaiweka kwenye sanduku la kioo, unaiuza kwa watu wa Chicago.

"Inategemea imetunzwaje," Gordy akasema mwishowe.

"Imekaa pa baridi, mapangoni, juu ya chuma cha kifuani. Imezibwa kwa nta. Na imegeuzwa." Duane akainama juu ya meza. "Kila kambi nilikuwa nasema nini, bwana?"

Marlys, mdomo bado uko tumboni mwa mnyoo, alipiga meza kwa ngumi.

"Ulikuwa unasema unageuza chupa zako," Gordy akasema.

"Na wewe ulikuwa unajibu nini?"

Na huyo ndiye Gordy. Mwenye meza mwingine angesema ile ilikuwa mzaha. Lakini neno la mwenye meza likishatoka ni jiwe, na yeye alikuwa amelitoa kila Jumapili miaka yote. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akatangaza kwamba dawa iliyotunzwa pa baridi, ikazibwa kwa nta, ikageuzwa inavyotakiwa, haichachi. Inaiva. Inapata nguvu kila mwaka.

Nikasema vizuri, nafungua chupa.

"Ngoja kwanza," Duane akasema.

Nikamwuliza nini tena.

"Kama inapata nguvu kila mwaka, mwakani itakuwa kali zaidi." Alikuwa anakuna kidevu, namwona kabisa anapiga hesabu. "Ni kitu cha maana sana hicho. Hamna kingine kwenye kreti? Cha bei rahisi?"

Nikamkumbusha kreti liko kwa Benki, na Benki yuko nusu ya njia kurudi Drumholt. Nikamkumbusha pia kwamba anakufa. Akasema anajua anakufa, asiharakishwe. Marlys alishindwa kuvumilia. Akachukua kipande cha jibini bakulini, akamtupia usoni. Kwa kuwa mikono ya Sista Ottilie ilikuwa nje ya mnyoo, ilikubalika.

Duane alikaa akiiangalia karatasi yake. Uso ulikuwa umembadilika, na nikaelewa kwamba habari ya bei ilikuwa ya juu juu tu. Alikuwa hataki chupa ile ifunguliwe. Ikishafunguliwa imekwisha, hakuna nyingine, na aliyeitoa hakai tena hapa. Na asipoifungua, yale madevu mekundu yanaingia motoni. Alikuwa amebanwa kama alivyoambiwa atabanwa.

"Haya," akasema. "Mnyweshe."

Tukamgeukia Gordy atuambie kimetokea nini. Gordy alikuwa anakuna sikio. Alikuwa mwekundu kutoka shingoni kwenda juu.

"Duane, una hakika?"

"Nina hakika."

"Maana naweza kusema mkono wa Eldwick umeteleza."

Nikamwambia mkono wa Eldwick haujateleza kokote. Gordy akaendelea kukuna sikio mpaka nikaona atalitoa. Halafu akasema kilichomo kwenye chupa anakijua, amekijua tangu siku ile ya soko, lakini hawezi kukisema. Na sisi sote tulielewa kwa nini. Kwenye meza yetu, mchezaji akikunong'oneza siri wewe mwenye meza, siri ile ni ya mchezaji. Unaibeba kama padri. Hata kama aliyenong'ona alikuwa na miaka tisa, na meno mawili ya mbele hayapo.

"Mpigie Britta," Gordy akasema.

Duane akakataa. Akasema yuko kazini. Tukamwambia leo Jumapili. Akasema basi amepumzika, asisumbuliwe. Mimi nikamwambia akitaka tutampigia sisi, na nitamwambia Britta kwamba Marlys ndiye aliyetulazimisha. Marlys akatikisa kichwa kwa nguvu zote kwamba hapana, hajalazimisha mtu, na ndiyo, apigiwe. Duane akaitoa simu mfukoni, akaishika kama mtu aliyeokota kinyonga, akapiga, akaiweka katikati ya meza kwenye spika.

Ililia mara chache. Halafu sauti ya mwanamke, nyuma yake mashine ya kufulia inazunguka.

"Baba? Nani kafa?"

Duane akakohoa. "Bado. Skorvald yuko karibu."

Kikaja kicheko kidogo cha mshangao. Akauliza kama bado tunacheza, kama Gordy bado anapima mazimwi kwa malori ya maziwa. Gordy akamsalimia kwa unyonge, akamwambia hali ilivyo: mnyoo, sumu, dadu mbili mbaya, chupa ya nta nyekundu. Akamwomba ruhusa ya kutoa siri yake.

"Chupa ipi?" Britta akauliza. Halafu akaikumbuka. "Baba. Bado hujainywa?"

"Nilikuwa naitunza."

"Baba, ile ni maji."

Kuni zilipasuka kwenye jiko.

"Sikununua dawa," Britta akasema. "Sarafu zangu nilinunua mbuzi. Nilimtaka sana yule mbuzi. Chupa niliiokota, nikaijaza maji kwenye hori la farasi, nikaipaka nta. Nilidhani utainywa wiki ile ile, Gordy aseme ni maji ya farasi, nicheke. Nikasubiri. Kila Jumapili nakuja nasubiri. Halafu nikaona umeivaa shingoni." Mashine ya kufulia ilisimama. "Nikaona haya kukwambia. Na baadaye ikawa imechelewa mno."

Duane alikuwa anaitazama simu.

"Maji ya farasi," akasema.

"Ndiyo, Baba."

"Nimeyageuza miaka yote hiyo."

Marlys ndiye aliyeharibu. Alikuwa ameziba mdomo kwa viganja viwili kwa sababu ya mnyoo, lakini kicheko kikamtokea puani, na baada yake mimi, na Gordy akaegemea ukuta akilia machozi, anasema hamjui nimebeba mzigo gani, hamjui, kila nikisikia nageuza chupa zangu moyo unanidunda. Duane peke yake hakucheka. Alitungoja tumalize. Halafu akanigeukia mimi, akaniambia kwa heshima zote kwamba Eldwick avunje nta amnyweshe Skorvald, yote, asimwage.

Nikamwambia ni maji, ndugu yangu. Hayatafanya kitu.

"Mtoto kasubiri vya kutosha," akasema.

Nikavunja nta. Gordy akavaa miwani, akakaa sawa, akaisimulia kama inavyostahili. Alisema Skorvald anameza. Alisema ni maji. Yana ladha ya nyasi, ya ubao mbichi, na ya mate ya farasi mzee ambaye sasa amekwisha kufa.

Na kutoka Duluth kikaja kicheko. Hakikuwa kile kidogo cha mwanzo. Kilikuwa kile cha mtoto ambaye miguu yake haigusi sakafu, kirefu, kinachopanda na kukatika na kuanza upya, mpaka mtu wa jirani yake kule akasikika anauliza kama yuko salama. Hapo sasa Duane akacheka. Alicheka mpaka kiti kikalia.

Lakini zamu ni zamu. Maji hayaponyi, na dadu la tatu lilikuwa halijarushwa. Duane akalichukua, akalitingisha kiganjani, akaliweka tena chini.

"Britta. Una dadu huko?"

Akasema analo moja, la buluu, liko kwenye sanduku la vifaa vya kazi, pamoja na funguo za nati.

"Nirushie."

Tukasikia sanduku linaburutwa. Tukasikia vyuma vinagongana. Halafu tukasikia dadu linaanguka juu ya bati la mashine ya kufulia, linaruka, linazunguka, linazunguka, linatulia. Mkono wa Duane ulikuwa juu ya ndevu nyekundu, na mlango wa jiko ulikuwa wazi kidogo.

"Ishirini," Britta akasema.

Tulimtazama Gordy. Huyu ni mtu ambaye aliwahi kumlazimisha mama yake mzazi arushe dadu tena kwa sababu liliegemea kisahani. Haruhusu kurusha sakafuni, haruhusu kurusha kwenye kikombe. Dadu ambalo hajaliona kwa macho yake, kwake halijarushwa. Na huyu binti ndiye yule yule wa maji ya farasi.

Gordy alifunga mlango wa jiko kwa mguu.

"Nimeipokea," akasema. "Skorvald anafumbua macho."

Skorvald aliamka, akamtapikia mnyoo maji ya farasi kwenye jicho, na hayo yaliyobaki ni historia ya shoka. Sista Ottilie alitolewa mzima, na neno la kwanza la Marlys baada ya muda wote ule lilikuwa kuomba kahawa. Mimi waliniacha naning'inia mpaka mwisho. Hawakunisahau, walipiga kura.

Tulidhani yamekwisha. Duane alikuwa anamuaga binti yake, wameshafikia hali ya hewa, ndipo Britta akauliza, "Gordy, mbuzi wangu yuko wapi?"

Gordy, aliyekuwa amechoka na ana furaha, akajibu bila kufikiri. Akasema Pipka alipoondoka alimwacha kwa mjane mmoja wa Drumholt amfugie, wagawane wazao nusu kwa nusu.

"Alikuwa jike," Britta akasema. "Mwenye mimba. Nilikulipa zaidi kwa sababu hiyo."

Niliona Gordy anaelewa. Nilimwona kabisa, kama jitu la barafu lilipoelewa. Kwa sababu ni yeye aliyesema mchana ule ule, mbele ya mashahidi, kwamba kilichotunzwa vizuri kinaongezeka. Marlys alikwisha chukua penseli. Wamarekani wa mashambani usiwachezee kwenye hesabu za mifugo. Alizidisha, akatoa wa kuchinjwa, akatoa wa kuliwa na mbwamwitu kwa haki kabisa, na bado bonde lote la Drumholt likawa jeupe kwa mbuzi. Na kama yai ni sarafu mbili, akauliza kwa upole, mbuzi wa maziwa ni ngapi? Sisi tumekaa miaka tukiua majoka, tukarundika pete mpaka vidole vya miguu. Mtoto wa miaka tisa alinunua kitu kimoja chenye kuzaa, na sasa nusu ya nchi ni yake, pamoja na ghorofa la mhunzi kama akilitaka.

Gordy akalaza paji la uso mezani. Alisema kwa sauti ya ndani ya mbao kwamba wiki ijayo anatunga sheria nyingine.

Britta akasema basi wiki ijayo atakuwepo, asimamie mali yake. Duane akafungua mdomo. Nilijua atamwambia nini: barabara ina barafu, asubiri masika, kuna Pasaka inakuja. Mtu huyu husubirisha kila kitu.

"Ondoka mapema," akamwambia. "Mimi nitaleta cha kula."

Jumapili iliyofuata alikuja na bonge la chedari lenye vumbi ambalo hakuna aliyejua kwamba lipo. Alikuwa amelihifadhi kiwandani, pembeni kabisa, tangu mwaka aliozaliwa Britta, analigeuza. Alilikata mwenyewe pale juu ya meza ya tenisi. Lilikuwa kali mpaka linatoa machozi, na lilikuwa na vichembe vinavyopasuka kama chumvi. Britta, na koti lake la kazi lenye matundu ya cheche, alikula vipande vitano bila kusema neno, miguu imefika sakafuni.

Lakini msidhani mtu hubadilika. Benki alikwisha patikana, kreti liko zima, na jioni ya nchi ile ya mchezo tulipopiga kambi Gordy alituuliza kama kawaida. Mimi nikasema nalala. Marlys akasema anasali.

"Nageuza chupa zangu," Duane akasema.

"Na mimi nageuza mbuzi wangu," Britta akasema.

Gordy aliinua kichwa kwa mara ya kwanza kwenye ibada ile tangu nimjue, akauliza mbuzi anageuzwaje.

"Wewe sema sawa," Britta akamwambia.

Gordy alitutazama mmoja mmoja, akatafuta mtego uko wapi, hakuuona. Ana moyo mzuri, yule bwana.

"Sawa," akasema. "Umegeuza."